Shilingi ya Shule Mpakani: Mzazi wa Busia na Malaba Ananunua Nini?

Mzazi anayekaa Malaba au Busia mjini ana nafasi ambayo mzazi wa Kitui au Nyeri hana. Asiporidhika na mfumo wa elimu wa nchi moja, wa nchi ya pili uko ng'ambo ya geti. Upande wa Kenya mtoto anasoma miaka 6 ya msingi, 3 ya sekondari msingi na 3 ya sekondari pevu. Upande wa Uganda ni miaka 7 ya msingi, kisha 4 ya sekondari, kisha 2 ya kidato cha 5 na cha 6. Watu ni wale wale: Wateso wa Amagoro na Wateso wa Tororo, Wasamia wa Funyula na Wasamia wa Busia ya Uganda. Mjomba yuko huku, shangazi yuko kule, na kila Desemba familia inarudia mazungumzo yale yale: mtoto apelekwe wapi, na nani atalipa.

Nitapiga hesabu za karo za pande zote mbili. Hata hivyo, karo ni sehemu rahisi ya hesabu hii, kwa sababu imeandikwa kwenye karatasi. Kilicho kigumu ni kujua fedha hizo zinamwongezea mtoto nini hasa masomoni. Hapo ndipo wakazi wa Busia wana utajiri ambao wengi wao hawajaambiwa: shule za vijiji vyao zimechunguzwa kwa makini kuliko karibu shule nyingine zozote barani Afrika. Majibu yaliyotoka humo yanakwenda kinyume na mengi tunayoyalipia.

Kutwa au bweni

Elimu ya msingi ya umma nchini Kenya haijatozwa karo tangu 2003, na ya upili ya kutwa tangu 2008. Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi, 15,042 kwa wa sekondari msingi na 22,244 kwa wa shule ya upili. Fedha hizo mara nyingi huchelewa, na ndiyo maana mwalimu mkuu huwaita wazazi mkutanoni kuzungumzia chakula cha mchana na mishahara ya walimu walioajiriwa na bodi ya shule.

Kwa hiyo mzazi wa mtoto wa kutwa analipa pia, ila kidogo kidogo, na malipo ya namna hiyo hayaonekani. Tuchukue mwaka wa shule wenye siku 190. Chakula cha mchana kikiwa shilingi 50 kwa siku, hiyo ni 9,500. Mtoto akipanda bodaboda kwenda na kurudi kwa shilingi 100, hiyo ni 19,000 nyingine. Jumla ni 28,500 kabla hujanunua sare, viatu na madaftari. Sasa iweke kando ya bweni. Mwongozo wa Wizara ya Elimu unampa mzazi wa shule ya kitaifa mzigo wa shilingi 53,554 kwa mwaka, na wa shule nyingi nyingine za bweni 40,535. Tofauti kati ya kutwa kwa bodaboda na bweni la 40,535 ni kama 12,000, na bwenini mtoto anakula mara tatu kwa siku.

Hesabu inageuka kabisa mtoto akiweza kutembea. Ondoa bodaboda, na kutwa inashuka hadi 9,500, chini ya robo ya lile bweni. Basi jambo la kwanza la kupima ni umbali wa shule kutoka mlangoni kwako, na si jina lake. Mtoto aliye nusu saa kwa miguu kutoka shule nzuri ya kutwa amemwokolea mzazi wake zaidi ya shilingi 30,000 kila mwaka, na fedha hizo zina kazi nyingine, nitakayoieleza.

Bweni lina gharama za mwaka wa kwanza ambazo hazimo katika ile 40,535. Kuna sanduku la chuma, godoro, blanketi, ndoo, kufuli, sare mbili, nguo za michezo, na nauli ya kwenda na kurudi kila muhula na kila mapumziko ya katikati ya muhula. Piga hesabu hizo kwa bei za soko lako kabla ya kukubali nafasi. Omba orodha ya karo iliyo kwenye karatasi ya shule, lipa kwenye akaunti ya shule, chukua risiti. Ukiona malipo yaliyobandikwa juu ya kiwango cha Wizara, una haki ya kuuliza yaliidhinishwa na nani. Na usisahau kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtoto kulipishwa masomo ya ziada wakati wa likizo.

Akademia za watu binafsi, ambazo ziko tele kwenye barabara ya Busia hadi Malaba, hazina kiwango kimoja cha karo, kwa hiyo kila moja ipimwe yenyewe. Swali moja halikwepeki: je, mtoto ataandikishwa kwa Baraza la Mitihani (KNEC) na kupewa nambari ya tathmini katika shule hiyo hiyo, au atahamishiwa kwa karatasi kwenye shule nyingine ifikapo mtihani? Akademia isiyojibu hilo waziwazi, endelea na safari.

Karo ya ng'ambo

Bei za shule za Uganda humtisha Mkenya au humpumbaza, kwa sababu tarakimu zake ni kubwa na hutajwa kwa muhula. Kiwango cha kubadilisha fedha kimekuwa karibu na shilingi 28 za Uganda kwa 1 ya Kenya. Ukitajiwa 300,000 kwa muhula, hiyo ni kama 10,700 za Kenya. Kwa mihula 3 ni 32,000. Ukitajiwa 1,000,000 kwa muhula, ni kama 35,700, na kwa mwaka ni 107,000, yaani mara mbili ya shule ya kitaifa ya Kenya. Gawa kwa kiwango cha siku hiyo, zidisha kwa 3, halafu ndipo ulinganishe. Kisha omba orodha ya vitu vya kuleta, kwa sababu shule nyingi za ng'ambo hutaka rimu za karatasi, karatasi za chooni, mifagio na sukari kila muhula. Orodha hiyo ni karo pia.

Uganda nayo ina mpango wa elimu ya msingi kwa wote tangu 1997 na wa sekondari tangu 2007, lakini Mkenya anayevuka kwa kawaida haendi huko. Anatafuta shule ya kulipia yenye jina la nidhamu na Kiingereza. Zamani sababu ilikuwa nyingine. Mfumo wa 8-4-4 ulipofuta kidato cha 5 na cha 6 hapa Kenya, na nafasi za vyuo vikuu zilipokuwa chache, vijana waliokosa nafasi walivuka wakasoma kidato cha 5 na cha 6 Uganda, kisha wakaingia vyuo vya huko. Sababu hiyo imepungua nguvu sana. Chuo Kikuu cha Alupe, kilicho kati ya Busia na Malaba, kilipata hati yake kamili 2022. Ng'ambo, ndani ya wilaya ya Busia ya Uganda, kuna Chuo Kikuu cha Busitema kilichoanzishwa 2007. Kijana wa Adungosi anaweza kusoma shahada bila kuihama familia yake.

Wazazi huniambia kwamba safari ya Uganda ni ndefu zaidi kwa miaka. Tuhesabu. Uganda ni 7, 4 na 2, jumla 13, na shahada nyingi za sanaa na biashara huko ni miaka 3: jumla 16. Kenya ni miaka 12, na shahada ya miaka 4: jumla 16. Urefu ni ule ule, ila mwenye kulipa anabadilika. Mwaka wa 13 wa Uganda unatoka mfukoni mwa mzazi, karo kamili ya shule, wakati mwaka wa 4 wa chuo kikuu cha Kenya unaweza kubebwa kwa sehemu na mkopo wa serikali wa HELB.

Gharama kubwa zaidi ya ng'ambo ni ya kurudi. Chini ya mtaala wa sasa, alama inayompeleka mtoto sekondari pevu haitokani na mtihani mmoja. Tathmini ya Gredi ya 6 inabeba asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zinabeba 20, na mtihani wa Gredi ya 9 unabeba 60. Mtoto aliyesoma Uganda akarudi Gredi ya 8 anakuja bila sehemu ya rekodi hizo. Anakuja pia na Kiswahili kichanga. Serikali ya Uganda iliamua 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima, lakini uamuzi wa baraza la mawaziri hauzai walimu kwa mwaka mmoja, na mtoto wa Gredi ya 9 hapa anatahiniwa Kiswahili pamoja na wenzake waliokisoma tangu chekechea. Kalenda nazo hazilingani: Kenya huanza mwaka Januari, Uganda Februari. Na aliyemaliza ng'ambo akitaka chuo cha Kenya, lazima cheti chake kipitie KNEC kisawazishwe.

Kuna hatari nyingine iliyojitokeza wakati wa korona. Kenya ilifungua shule zake zote Januari 2021. Uganda, iliyofunga Machi 2020, haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 2022. Mzazi aliyekuwa na mtoto ng'ambo alipoteza mwaka mzima ambao jirani yake hakuupoteza, na hapakuwa na mkutano wa wazazi ambako angeweza kwenda kulalamika, kwa sababu kura yake iko nchi nyingine.

Sisemi ng'ambo ni kubaya. Kwa familia yenye ndugu Tororo atakayemlaza mtoto na kumlisha, shule ya kutwa ya huko inaweza kuwa nafuu halisi, hasa kama mtoto ataingia mwanzoni mwa sekondari na kukaa hadi mwisho. Ninachokipinga ni kuvuka na kurudi katikati ya safari. Hapo unalipa mifumo miwili na hakuna unaoumaliza.

Yaliyopimwa Busia

Katikati ya miaka ya 1990, mwanauchumi Mmarekani Michael Kremer, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefundisha shule ya upili Kakamega, alianza kushirikiana na shirika la Kiholanzi la ICS katika wilaya za wakati huo za Busia na Teso. Walifanya jambo lililokuwa geni katika elimu: msaada ulipokuwa hautoshi shule zote, waliamua kwa kura ni shule zipi zianze kuupata, kisha wakalinganisha matokeo. Kazi hiyo ni sehemu ya ile iliyompa Kremer Tuzo ya Nobel ya uchumi 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Mizizi ya tuzo hiyo iko Funyula, Budalangi na Teso.

Tazama walichokikuta kuhusu chati, zile karatasi kubwa zenye michoro ya sayansi na hesabu zinazotundikwa mbele ya darasa. Walipolinganisha shule kwa macho tu, zile zilizokuwa na chati nyingi zilikuwa na alama za juu zaidi. Mtu yeyote angesema: chati zinafundisha. Halafu wakagawa chati kwa kura katika nusu ya shule 178, na alama hazikupanda. Shule zenye chati nyingi zilikuwa na alama nzuri kwa sababu nyingine zilizojificha, kama vile wazazi wenye uwezo au uongozi makini, na chati zilikuwa alama tu ya mambo hayo.

Ningetamani kila mzazi anayetembelea shule Januari akumbuke matokeo hayo. Basi la rangi ya manjano, lango lenye nakshi, maabara ya kompyuta iliyofungwa kwa kufuli, bango la mwanafunzi bora wa mwaka jana: vyote ni chati. Huenda vinakuambia ni watoto wa nani wanaosoma pale. Havikuambii mwanao atafundishwa nini.

Vitabu vilitoa jibu lililoshangaza zaidi. Shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu vya kiada, na wastani wa alama haukubadilika. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari juu ya darasa. Watafiti walieleza sababu ambayo mwalimu yeyote wa Teso angeweza kuwaambia: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto hao, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Mtoto asiyeweza kusoma kitabu hasaidiwi na kitabu. Nadhani hapa ndipo utamaduni unapogusa karo kwa namna iliyo wazi kuliko popote: pesa ile ile, kitabu kile kile, na kinachoamua kama kitafanya kazi ni lugha ambayo mtoto alikuja nayo kutoka nyumbani.

Kwa upande mwingine, mambo madogo yaliyomweka mtoto darasani yalileta tofauti. Mwaka 1998 mradi wa dawa za minyoo ulianza katika shule 75 za kusini mwa Busia, na utoro ukapungua kwa robo. Alama za mitihani hazikupanda mara moja, na watafiti wengine wamebishana vikali kuhusu ukubwa wa matokeo hayo. Lakini watoto hao walipofuatiliwa miaka 10 baadaye, wasichana wa shule zilizopewa dawa walionekana kuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa takriban robo, ya kuwa wamefika shule ya upili. Dawa hiyo ilikuwa ya bei ndogo mno, na leo hutolewa bure shuleni. Mzazi anachohitaji ni kuhakikisha mtoto hakosi siku ya dawa.

Sare pia zilijaribiwa Busia. Watoto waliopewa sare bure walipunguza utoro kwa zaidi ya theluthi, na waliofaidika zaidi ni wale ambao hawakuwa na sare kabisa. Miaka kadhaa baadaye tofauti hiyo haikuonekana tena, jambo linalonionyesha kwamba sare inamweka mtoto darasani mwaka ule inaponunuliwa, kisha lazima inunuliwe tena anapokua. Chakula nacho: shule za chekechea za Busia na Teso zilizopika uji asubuhi ziliongeza mahudhurio kwa takriban asilimia 30, lakini watoto walijifunza zaidi pale tu mwalimu alipokuwa na uzoefu.

Na jina kubwa la shule? Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliwalinganisha wanafunzi wa Kenya waliopata nafasi ya shule ya kitaifa kwa alama chache tu na wale walioikosa kwa alama chache tu, watoto ambao kwa kweli walikuwa sawa. Katika utafiti waliouchapisha 2014, hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba shule za kitaifa ziliongeza alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili. Zinang'ara kwa sababu zinapokea watoto waliokwisha kung'ara. Kwa mzazi anayetafuta 53,554 kwa kuuza ng'ombe, matokeo hayo yana maana nzito. Shule ya kitaifa inaweza kumpa mtoto marafiki kutoka kaunti zote na upeo mpana, na kama unaweza kulipa bila kuumia, mpeleke. Ila usiuze shamba ukidhani unanunua alama.

Msomaji anaweza kuuliza: kama jina halifanyi kazi, je, shule zote ni sawa, na kila kitu ni familia? Ndivyo ripoti maarufu ya James Coleman ilivyosema Marekani 1966, baada ya kuchunguza takriban wanafunzi 600,000: nyumba anayotoka mtoto ilieleza matokeo yake kuliko rasilimali za shule. Lakini miaka michache baadaye Stephen Heyneman alichunguza shule za msingi hapo ng'ambo, Uganda, akaona picha tofauti. Uhusiano kati ya hali ya nyumbani na alama ulikuwa dhaifu kuliko Marekani. Mwaka 1983, yeye na William Loxley walilinganisha nchi 29 wakakuta kwamba katika nchi maskini zaidi, ubora wa shule na walimu ulikuwa na uzito mkubwa kuliko katika nchi tajiri. Mtoto wa mama anayeuza omena sokoni Busia hajafungiwa na nyumba yake. Mwalimu anayefika kila siku na kumfundisha pale alipo bado anaweza kumvusha.

Nyumba, matanga na pesa ya mpakani

Utamaduni unaogusa masomo hapa si vazi wala ngoma. Ni jinsi siku za mtoto zinavyotumika. Matanga yetu huchukua siku nyingi, na disko matanga, licha ya kupigwa marufuku na machifu mara kwa mara, bado zinawatoa wasichana na wavulana nyumbani usiku. Siku ya soko inapunguza darasa. Mvulana wa Gredi ya 8 anayeweza kubeba mizigo kupitia njia za panya anapata pesa mkononi jioni ile ile, na mwalimu hana cha kushindana nayo. Bweni linauzwa kwa wazazi kama dawa ya mambo haya yote, na ninakiri kwamba kwa msichana anayeishi nyumba isiyo salama au kwa mvulana aliyekwisha kuonja pesa ya mpakani, shilingi 40,535 zinaweza kuwa zimetumika vizuri sana. Kwa mtoto mdogo wa msingi sikubaliani nalo kabisa. Mtoto wa miaka 9 anahitaji mtu wa kumsikiliza akisoma, na bwenini mtu huyo mara nyingi hayupo.

Jaribio moja la Busia na Teso linaonyesha nguvu ya jamii kuliko mengine. Mwaka 2001 na 2002, wasichana wa darasa la 6 waliofika asilimia 15 ya juu walipewa ufadhili wa miaka 2: shilingi 500 kwa mwaka zililipwa shuleni, 1,000 zikapewa familia, na wakasimama mbele ya wazazi wakapongezwa. Fedha zilikuwa kidogo. Katika Busia alama za wasichana zilipanda, walimu wakaanza kufika zaidi, na hata wavulana, ambao hawakuwa na haki ya zawadi hiyo, wakafanya vizuri zaidi. Kijiji kilipoamua kumtazama msichana anayesoma, shule nzima iliamka.

Teso haikuwa hivyo. Juni 2001 radi iliua wanafunzi 7 katika shule moja ya wilaya hiyo, na baadhi ya wazazi, katika majonzi yao, wakaihusisha na shirika lililoleta miradi. Shule kadhaa zikajitoa, na matokeo hayakuonekana kama upande wa Busia. Sioni ujinga hapo. Naona wazazi waliofiwa, na miradi iliyokuja shuleni bila kujenga imani ya kutosha nyumbani. Mzazi asipoiamini shule, hata jambo jema likiingia shuleni halifiki kwa mtoto.

Zile shilingi 30,000

Narudi kwa mzazi wa mtoto wa kutwa anayetembea. Nimesema ameokoa zaidi ya 30,000. Ningeanza kwa kumlipia chakula cha mchana muhula mzima mapema, ili asirudishwe nyumbani Jumatatu hata moja. Ningemnunulia sare ya pili na viatu kabla vya kwanza havijachanika. Ningenunua taa nzuri ya sola na vitabu vya hadithi vya Kiswahili na vya lugha ya nyumbani, vya kiwango anachokiweza sasa. Kingebaki kiasi cha kuweka akiba ya sekondari pevu.

Kabla ya kulipa senti kwa mtu yeyote, mpime mtoto mwenyewe. Uwezo, mradi ulioanza 2009 wa kuwapima watoto majumbani Kenya, Tanzania na Uganda, umeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa madarasa ya juu wanashindwa kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la 2. Chukua kitabu cha Gredi ya 2. Mwambie mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha akusimulie kwa Kiteso, Kisamia au lugha mnayoongea jikoni. Akishindwa, tatizo lake halitatatuliwa na akademia yenye Kiingereza kizito wala na godoro jipya bwenini. Anahitaji mtu wa kusoma naye dakika 20 kila jioni, na anaweza kuwa dada yake.

Ukienda kutembelea shule, nenda siku ya kawaida katikati ya muhula, si siku ya wazazi. Fika saa mbili asubuhi uhesabu madarasa yasiyo na mwalimu. Omba kuona madaftari ya watoto watatu wasio vinara, utazame kama yamesahihishwa wiki hii. Kama mtoto yuko Gredi ya 9, uliza ni mikondo ipi inafundishwa kweli, kwa sababu si kila shule ina mikondo yote mitatu ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo, na mwombe mwalimu akuonyeshe chumba ambamo masomo hayo hufanyika. Ukiwa ng'ambo, uliza maswali hayo hayo, kisha uongeze moja: ni Wakenya wangapi waliomaliza hapa miaka ya karibuni, na wako wapi sasa? Shule iliyowahudumia vizuri itakupa namba ya mzazi mmoja wa Malaba umpigie.